Simpunguzii Kasi

Machi 4

Shikamoo Baba,

Natumai mgongo umetulia na Mama hajaacha matembezi yake ya asubuhi. Mimi mzima, ila koo limekauka kwa kupiga kelele uwanjani.

Nimepata mrushaji. Ana miaka kumi na tano, wenzake wanamwita Radi kwa sababu hakuna ajuaye atapiga wapi. Mkono kama ule sijawahi kuuona, ila mpira unakwenda unakotaka wenyewe. Jana uliruka uzio ukatua kwenye karai la fundi wa jirani, ukarudi na saruji. Mdakaji wetu anavaa helmeti hata akienda kunywa maji. Wewe umefundisha besiboli maisha yako yote. Ungemfanyaje?

Bintiyo

Machi 11

Marahaba mwanangu,

Mgongo ni wa uzee, tumeshazoeana. Mama anauliza kama unakula.

Mpunguzie kasi. Arushe taratibu, alenge, mpaka azoee. Akishindwa, mtoe kwenye urushaji, acheze nyuma huko. Mpira mkali usio na shabaha ni fujo tu. Mwezi wa tano timu zetu zinakutana, na watu wanajua wewe ni binti yangu. Usituaibishe.

Baba

Machi 19

Shikamoo Baba,

Mwambie Mama ninakula.

Simpunguzii kasi. Mimi ulinipunguza nikiwa na umri wake, "taratibu, lenga, taratibu", hadi mkono ukasahau kurusha. Shabaha niliipata, ndiyo, na kila mpigaji akawa anaungoja mpira wangu kama anayengoja chai ipoe.

Radi nimemtazama miguu, si mkono. Mguu wa mbele unatua kombo, mwili unajifunga, mkono unabaki kutafuta njia peke yake. Nimemchorea mstari wa chokaa atue juu yake, kisha arushe kwa nguvu zake zote kwenye godoro kuukuu nililotundika ukutani. Kulenga nimempiga marufuku. Ukuta bado unapigwa kuliko godoro, lakini godoro nalo limeanza kuonja.

Kama ni aibu, nitaibeba mwenyewe.

Bintiyo

Mei 20

Mwanangu,

Hujambo? Sisi tulifika salama. Sikujibu barua yako muda wote ule kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira haina mwandiko mzuri.

Mlifungwa, na mlistahili. Mipira yake mibovu iliwapa wachezaji wangu wanne njia ya bure hadi kituo cha kwanza, na wa tano alimgonga bega. Nikangoja umtoe. Hata mwamuzi alikugeukia. Wewe umekaa, unatafuna karanga.

Halafu ile zamu ya mwisho. Wapigaji wangu watatu hodari, hakuna aliyeugusa mpira. Nahodha wangu alirudi akaniambia, "Kocha, mimi nimeusikia tu."

Mlete kwangu. Nina uwanja mzuri na daktari wa mabega. Umemwanzisha, mimi nitamnyoosha.

Baba

Mei 28

Shikamoo Baba,

Nashukuru mlifika salama. Aliyegongwa bega anaendeleaje? Radi anamuulizia. Anasema pia siku nyingine asisimame karibu vile.

Barua yako niliisoma mbele yake na mama yake, bila kuruka neno, maana uamuzi si wangu. Radi akauliza, "Huko atanipunguza kasi?" Nikamwambia atajaribu.

"Basi mwambie asante. Nabaki."

Mama yake akaniagiza niongeze kwamba mtoto wake si shati, hanyooshwi.

Jumamosi tunacheza na timu nyingine, na anayeanza kurusha ni yeye. Akiharibu, ataendelea kurusha. Ukitaka kumwona, njoo. Viti vya watazamaji viko nyuma ya uzio.

Bintiyo, kocha wake