Nyumba Iliyo Ng'ambo ya Ayvalik

Mount Dennis, Toronto, 12 Machi

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Barua yako kutoka Tanga imefika. Ni nzuri, ila hukuandika tarehe. Sisi hatujambo, goti la bibi yako limepona, na juzi alitembea hadi dukani bila mkongojo.

Unauliza kama ukaipige picha nyumba nilimozaliwa hapo Tanga, ambayo sasa ina wenyewe wengine.

Nilipokuwa mwanafunzi Uturuki, likizo moja nilipanga chumba katika mji wa Ayvalik kwa bibi aliyeitwa Nazmiye. Alizaliwa Lesbos, kisiwa cha Wagiriki kilichoonekana wazi kutoka dirishani mwake. Familia yake ilihamishwa kutoka huko pamoja na Waislamu wengine akiwa mdogo, naye hakurudi tena. Niliposema ninakwenda kukitembelea, alinichorea njia ya kufika kwao.

Niliiona nyumba. Niliporudi nilikuwa tayari kueleza kila kitu, hata mlimao uliokatwa. Akanimiminia kahawa, kisha akainua mkono.

"Habari za nyumba usinipe. Kuna watoto?"

"Wapo watatu, bibi. Mdogo alinirushia ganda la chungwa."

Akacheka mpaka akafuta macho. "Ndivyo nilivyokuwa mimi. Kunywa, inapoa."

Siku ile nilimwona mkaidi. Leo nimefikia umri wake, na barua yako nimeisoma mara nne kabla ya kuijibu.

Picha usipige. Bisha hodi, uwasalimie wenyewe, kisha uniandikie majina ya watoto. Safari hii usisahau tarehe.

Babu yako,
Idrisa