Mwenye Hekima, Shujaa

Baba yangu kipenzi,

Nimeolewa! Leo wiki ya tatu, na bado nikisikia ufunguo wake mlangoni moyo unaruka. Anaitwa Emre, Mturuki, anaoka mikate karibu na stesheni hapa Tottenham. Ungempenda, Baba. Najua ungempenda.

Unakumbuka ulivyokuwa ukirudi kazini, umeendesha basi kutwa, mimi nakukanda miguu na wewe unaniuliza maswali? Siku moja nikakuuliza mimi: mwenye hekima ni nani? Ukasema, "Anayengoja kuulizwa. Asemaye bila kuulizwa, huyo ni redio." Tukacheka mpaka Mama akagonga ukuta.

Basi redio imewaka. Ami Seif, ndugu yako, hakuja harusini. Juzi nikampeleka Emre akamsalimie. Emre akambusu mkono, akauweka kwenye paji la uso wake, maana ndivyo kwao wanavyowaheshimu wakubwa. Ami akauvuta mkono kama aliyeguswa na moto.

"Mimi si kaburi la walii! Ukoo wake nani anaujua?" Kisha akanigeukia: "Jumapili ni hitma ya baba yako, hapa kwangu. Njoo peke yako. Mwanamke mwenye hekima husikiliza wakubwa."

Nilirudi nalia. Emre hakumsema Ami hata neno. Anapenda mno mambo ya kale, mpenzi wangu huyu, akanisimulia kwamba Waturuki wa zamani, wale waliochonga maneno yao kwenye mawe, mwenye hekima walimwita *bilge*. Na walipowasifu watawala wao waliziweka sifa mbili pamoja: mwenye hekima, shujaa. Mtawala alipimwa kwa watu wake. Wameshiba? Wamevaa? Wamekaa pamoja au wametawanyika?

Machozi yalikauka, Baba. Ami anasema hekima, lakini anachotaka ni woga wangu. Nikamwuliza Emre swali moja tu: "Utakuja?"

"Ni baba yangu pia," akasema.

Leo nimempigia Ami simu. "Shikamoo, Ami. Jumapili tunakuja wawili." Akasema mlango hautafunguliwa.

Sawa. Tutasimama nje kwenye ngazi, bega kwa bega, mimi na mume wangu, tukusomee Yasini kwa sauti mpaka majirani watoke. Hitma ni yako, Baba. Mlango tu ndio wa Ami.

Wewe pumzika. Ya ndugu yako niachie mimi.

Binti yako,
mke wa Emre