Mistari ya Mussarat

Jumatatu, 4 Desemba

Kosa la wengi ni kukimbilia pale mistari miwili inapokatana. Wanapewa jozi ya milinganyo na grafu nne, wachague grafu iliyo yake, na jicho linaruka moja kwa moja kwenye makutano. Haifai. Kwanza tazama kila mstari unakata wapi mhimili wa wima. Kisha uliza: unapanda au unashuka? Makutano yatajileta yenyewe.

Nimemweleza hivyo Mussarat, binti wa jirani yangu Kaneez. Jumanne ijayo ana mtihani wa kuingia chuo cha ukunga, Faisalabad. Miaka ishirini na minne, anatarizi shali, shule aliacha zamani. Alisikiliza vizuri. Akachagua grafu isiyo yake.

Ukungu mzito Sargodha nzima. Jua lilitoka saa sita, tukasomea darini, juu ya paa bapa la nyumba yangu.

Jumanne, 5 Desemba

Kakosa tena. y = x + 1 pamoja na y = −x + 3. Jibu ni grafu ya pili, mistari inakutana kulia mwa mhimili. Yeye kachagua ya tatu, inakutana kushoto. Lakini ile 1 na ile 3 kazisoma barabara. Anayebahatisha hukosea ovyo. Huyu anakosea kwa utaratibu.

Kaneez alikuwa kwenye dari lake, anamenya machenza. Akapaza sauti: "Mwalimu, nirudishie binti yangu, wali unaungua!"

"Wali wako huungua hata akiwepo, dada Kaneez."

Mussarat alicheka hadi akaficha uso kwa shali. Sikumbuki ni lini mtu alicheka hivyo kwenye dari hili. Labda marehemu mke wangu alipokuwa hai.

Alhamisi, 7 Desemba

Nimeliona. Leo nilitazama kidole chake badala ya daftari. Anauanza mstari kulia, anaufuata kwenda kushoto. Bila shaka — Kiurdu amekisoma kutoka kulia tangu utoto, na Kurani vilevile. Hata sindano yake huanzia huko. Mstari unaopanda, kwake unashuka. Kila grafu anayochagua ni ile sahihi, ila kama imeonwa kwenye kioo.

Wanafunzi wetu wa mjini walikwisha kurekebishwa kabla hawajafika kwangu. Wale waliotoka vijijini je? Miaka thelathini na sita darasani. Wangapi niliwaita wazembe?

Dawa yake ni sentensi moja: kwenye grafu, anza kushoto.

Sikuisema. Nilimwambia, "Tutaendelea kesho, mwanangu."

Ijumaa, 8 Desemba

Alikuja baada ya sala. Chai, karanga, kipande cha sukari guru. Nilimpa maswali kumi, kakosa tisa. Alilopata lilikuwa na mistari miwili iliyolala, isiyopanda wala kushuka. Ningeweza kumwonesha hapo hapo. Mfano bora kuliko huo sitaupata.

Akasema, "Mwalimu, labda kichwa changu ni cha sindano tu."

Nikasema jambo hili linataka subira. Mimi, kusema hivyo! Akiling'amua leo, kesho atapanda ngazi zangu kufuata nini? Nilimwongezea chai. Alikaa hadi alasiri.

Jumapili, 10 Desemba

Jana hakuja. Leo hakuja.

Mwanangu Naveed alipiga simu kutoka Muscat, dakika nne. Anauliza kama nakula. Nakula.

Nimepanda darini mara tatu. Kwa Kaneez hakuna mtu, kamba ya nguo tu.

Jumatatu, 11 Desemba

Asubuhi nilikutana na Kaneez kwa muuza maziwa. Nilimtania kuhusu wali, naye akanipa habari. Mussarat haendi Faisalabad. Begi amelifungua, nguo amezirudisha kabatini, tangu Ijumaa jioni hajafungua daftari.

"Anasema ikiwa mwalimu kama wewe amemshindwa, basi tatizo ni yeye," Kaneez akasema. "Nami nimfariji kwa lipi, Mwalimu? Hesabu sizijui."

Nilisimama na mtungi wa maziwa mkononi. Nilikuwa na sentensi moja ya kumpa. Nikasema, "Mpe salamu zangu." Kisha nikarudi nyumbani na kukaa kuandika haya, kana kwamba kuandika ni kufanya.

Basi linaondoka saa nane mchana. Sasa ni saa tano kasorobo. Kumwelewesha kutachukua dakika kumi, na kwa akili yake huenda tano. Njiani anaweza kufanya maswali ishirini.

Ataniuliza nimelijua lini. Kwa hilo sina pa kujificha, na akikasirika atakuwa na haki. Akienda, na akifaulu, dari litakuwa langu peke yangu hadi kiangazi na baada yake.

Acha kalamu. Vuka uchochoro sasa hivi, gonga mlango wa Kaneez, mwoneshe Mussarat mstari unaanzia wapi — na umwambie ulijua tangu Alhamisi.