Siku Mama Mkwe Aliponiita

Mama mkwe wangu mpendwa,

Kamwene. Salamu hii sikuwahi kukupa ana kwa ana hata siku moja, maana kwetu mwanamume hamtazami usoni mama aliyemzaa mkewe, wala hatamki jina lake, wala hakutani naye njiani. Ulipokuwa ukitokea kule, mimi nilikuwa naingia kwenye mahindi ya watu. Leo huwezi tena kunikwepa, basi niache niseme yote.

Unakumbuka ulivyokuja Makambako mara ya kwanza? Leah alikuwa na mimba yetu ya kwanza, na hapa njia panda hatukuwa na ndugu. Mimi nilikuwa fundi seremala, nikichonga bodi za malori ya kwenda Songea. Ulitembea kutoka kwenu, upande wa Njombe, na kikapu cha ulezi kichwani, kisha ukakataa katakata kulala chini ya paa langu. Ulifikia kwa jirani, mke wa mwenye mkahawa, naye ndiye aliyekuwa mdomo wetu. Ukitaka kuni unamwambia yeye, naye ananiambia mimi, na wote watatu tunasikiana vizuri tu kupitia ukuta wa matete. Nilikuwa nacheka peke yangu huku napiga randa.

Nami nilikuwa nimejiandaa, usifikiri. Nilimchongea mtoto kitanda chenye vizuizi pande zote, kama nilivyokiona nyumbani kwa Bwana DC nilipokwenda kutengeneza meza. Dereva mmoja wa Iringa aliniletea chupa ya kunyonyeshea na kopo la maziwa ya unga. Vyote nikavipanga dirishani, wapita njia wajue kwamba hapa anazaliwa mtoto wa mtu. Wewe ukamtuma jirani aniulize huyo ng'ombe wa kwenye kopo zizi lake liko wapi. Niliudhika kweli, nikasema kimoyomoyo, mama huyu wa shamba anajua nini.

Ikaja ile siku ya mvua. Jirani alikuwa amekwenda kwao msibani. Leah alishikwa na uchungu tangu asubuhi, na hadi mchana mtoto alikuwa hajatoka, na nguvu zilikuwa zinamwishia. Nilikimbia barabarani kutafuta gari la kumpeleka hospitali ya misheni. Nikaambiwa daraja limesombwa, hakuna lori linalopita. Niliporudi nimelowa chapachapa, wewe ulikuwa ndani na Leah, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na mimi nikabaki nje nimejibanza ukutani kama mwizi.

Nilisikia kila kitu. Nilisikia ukimwambia apige magoti, asilale chali. Nilimsikia akisema hawezi tena. Nilijua kabisa kwamba naweza kuwapoteza wote wawili mchana ule. Halafu ukafanya vile vile tulivyozoea, ukamwambia Leah aniambie niingie nimshike. Masikini Leah, katikati ya maumivu yale, akakujibu kwa hasira:

"Mama, mwambie mwenyewe!"

Nawe ukaita, "Mkwe, njoo."

Ndiyo maneno ya kwanza uliyowahi kuniambia mimi. Niliingia kinyumenyume, nikigonga stuli na sufuria. Ulikuwa umejifunika kaniki mpaka usawa wa macho. Nikakaa nyuma ya Leah nikamkumbatia, akaniegemea kwa uzito wake wote, nawe ukapiga magoti mbele yake. Yeye ndiye alikuwa ukuta wetu. Ukisema nimwachie apumue, namwachia. Ukisema nimshike, namshika. Hukupaza sauti hata mara moja, na kila uliponena Leah alipata nguvu kidogo, na mimi pia, nakiri. Mtoto akatoka analia, wa kike, ukamweka kifuani kwa mama yake hata kabla hajafutwa vizuri. Nililia waziwazi, na najua ulinisikia.

Wajomba wa Leah walipopata habari walikuja juu. Mkwe na mkwe chumba kimoja, tena wakati wa uzazi! Walidai mbuzi wa kutakasa. Niliambiwa ulisimama mbele yao ukasema, "Mimi sikumwona mkwe pale. Niliona mikono ya mtu anayemsaidia mkewe." Mambo yakaishia hapo. Mama, toka siku ile natembea kifua mbele.

Kilichofuata unakijua. Mtoto alilala na mama yake kwenye joto, akanyonya alipotaka, na mchana akakaa mgongoni. Leah alikunywa uji wa ulezi wako mpaka akanawiri. Kopo la maziwa niliwarushia wenye mkahawa, na kitanda changu cha fahari kikapata mwenyewe, kuku akatagia humo. Siku hizi vijana wanaotarajia watoto wananijia karakanani kuniuliza wanunue nini. Nawaambia watafute kuni kavu, maji safi, vitambaa vilivyochemshwa na ulezi, na wasiende mbali, wakae pale watakapoweza kuitwa. Wengine wananicheka. Wengine wamerudi kunishukuru, nami nawaambia kwamba nimefundishwa na mama mkwe wangu.

Mtoto tulimpa jina lako, kwa hiyo mimi siwezi kulitamka. Namwita Mama tu, na yeye anaitika.

Tulipokuja kukuzika nilisimama nyuma kabisa, kama inavyompasa mkwe. Kumbe wale wale wajomba waliodai mbuzi ndio walionishika mkono, wakasema umekwisha kupumzika, sasa nina ruhusa ya kukuona usoni. Niliogopa, mama. Nikasogea, nikainama, nikatazama. Paji la uso lile, kidevu kile, hata kile kishimo cha shavuni: ni uso ule ule wa mtoto ninayemmiminia uji kila asubuhi.

Kumbe tumekaa nyumba moja miaka yote hii, na hakuna aliyevunja heshima.

Lala salama.

Ni mimi mkweo,
baba wa wajina wako, Makambako