Nyumba Tuliyoichora Bila Mtu

Alhamisi, Mwanza.

Mvua imenyesha tangu asubuhi. Sasa yamebaki manyunyu na upepo wa ziwani unaopenya kwenye dirisha la gesti. Nipo mtaa wa Mabatini, nimejilaza kitandani na viatu miguuni. Sina hamu ya chakula wala ya watu. Wenzangu, Deo na Kulwa, wameenda stesheni kuulizia treni ya Tabora, nami nimekataa kwenda nao. Nikiwaona sasa hivi nitawatukana, halafu nitajitukana mwenyewe.

Niandike ilivyokuwa, kabla sijaanza kujitetea.

Sisi ni wachoraji watatu tunaozunguka miji kuchora majumba ya zamani kabla hayajabomolewa. Siku hizi kila kitu kinauzwa: mashirika, maghala, viwanda. Anayenunua anaanza na nyundo. Deo ndiye mkubwa wetu, na ana sheria moja ambayo sote tumeimeza kama dawa: jengo peke yake. Hakuna mtu, hakuna kamba ya nguo, hakuna sufuria. Anasema vitu hivyo vinachafua karatasi. Miaka yote nimechora hivyo, na nimesifiwa sana kwa usafi wa kazi yangu.

Hapa mjini tuliipenda nyumba moja ya ghorofa iliyojengwa na wafanyabiashara wa zamani, yenye roshani ya mbao na nguzo nene barazani. Baadaye ikawa mali ya shirika la umma. Sasa shirika limekufa na nyumba imeuzwa. Katika chumba cha chini, upande wa kulia, alikuwa anakaa Mama Shija. Marehemu mumewe alikuwa mlinzi wa shirika, akapewa chumba kile kwa mdomo tu. Yeye aliuza uji pale pale barazani.

Siku ya kwanza alimsalimia Kulwa kwa Kisukuma, "Mwangaluka," Kulwa akaitikia, basi tukawa watoto wake. Kila asubuhi tulimwamkia shikamoo, naye akatutolea viti. Alitupa uji na michembe, vile viazi vikavu, iliyopikwa kwa karanga, na hakutaka kabisa kulipwa. Aliposimama nyuma yangu kuangalia ninachochora, aliuliza, "Mbona nguo zangu hazipo hapo, mwanangu?" Nikamwambia tunachora nyumba tu, mama. Akacheka. "Haya. Mimi nilidhani nguo zimo kwenye nyumba."

Maneno yale yalinipita. Nilikuwa nahangaika na mwanga unavyopiga kwenye roshani.

Jana akaja msimamizi wa mnunuzi, mwanamume mpole mwenye shati lililonyooshwa vizuri. Akausifu mchoro wangu, akaomba nimwachie ili bosi wake autundike ofisini. Nilijisikia. Niliutia sahihi, tena kwa mbwembwe, nikampa.

Leo asubuhi mwenyekiti wa mtaa alikuja pale barazani kuamua shauri la Mama Shija. Jambo lilikuwa moja. Ikithibitika kwamba anaishi pale, mnunuzi amtafutie chumba kingine kabla ya kubomoa. Isipothibitika, atoke leo leo. Majirani waliulizwa, wakakodolea macho sakafu. Wameahidiwa fremu za maduka kwenye jengo jipya. Mama Shija alipotuona tunafika na mbao zetu za kuchorea, uso ulimchangamka.

"Hao wanangu wamekuja. Waulizeni, wameshinda hapa na mimi."

Msimamizi akafungua mchoro wangu.

"Mwenyekiti, hawa ni wageni, hawana upande. Wamechora walichokiona. Hebu mwenye macho anionyeshe mtu anayeishi hapo."

Mwenyekiti akausogeza karibu na uso. Baraza tupu. Mlango umefungwa. Pale penye jiko lake nilichora sakafu iliyofagiliwa. Nikasema mama huyu anaishi hapa, tumekula kwake, ila sisi hatuchori watu, ndio utaratibu wetu. Mwenyekiti akauliza kama sahihi ile ni yangu. Nikasema ndiyo.

"Kwa hiyo, dada, umetia sahihi uongo?"

Watu wakacheka. Nikamgeukia Deo aseme neno. Deo, mwenye sheria yake, alikuwa anachonga penseli. Kulwa ndiye aliyejitahidi, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, mpaka mwenyekiti akamwambia alete na mchoro wake. Akauleta. Nao haukuwa na mtu.

Mama Shija hakulia. Aliniangalia mimi, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Na uji wangu mlikuwa mnanywea wapi?"

Mchana vyombo vyake vilitolewa nje, na mafundi wakapanda juu kung'oa mabati, maana hayo ndiyo yanayouzika haraka. Tulimsaidia kusogeza godoro chini ya upenu wa duka la jirani lisiloe. Alisema ana dada yake Igoma, ila hajui kama atapokelewa. Hakuniaga, nami sikuwa na uso wa kumuaga.

Najiambia wangemtoa tu, hata bila mchoro. Inawezekana. Lakini hawakuwa na ushahidi mwingine wowote pale. Walikuwa na wangu.

Tangu nirudi najaribu kumchora, nimweke barazani kwake, ingawa hakuna tena wa kumwonyesha. Roshani imekuja yenyewe. Nguzo zimekuja, ufa wa ukutani umekuja, bawaba za mlango zimekuja zote bila kuzifikiria. Nilipofika kwenye uso wake mkono ukagoma. Ana mwanya au hana? Kichwani alikuwa amejifunga nini? Nimekula mikononi mwa yule mama siku zote hizi, na sijui.