Wakili wa Marekani Aliyeanza kwa Kufagia

Haji mjukuu wangu,

Hujambo weye mvivu? Jua la Jeddah halitokeki. Nazunguka sebuleni kwa shangazi yako kama kuku anayetaka kutaga. Leo bintiye kanisomea habari za wakili wa Marekani wa zamani, mtoto wa mkulima.

"Kasoma chuo gani?"

"Hakwenda chuo, bibi. Alifagia ofisi ya wakili mzee, akinakili hati na kusoma vitabu vyake mpaka akaijua sheria."

Kahawa niliyokuwa nikinywa ikanishinda. Nawe umeikimbia ofisi ya wakili huko nyumbani Vuga kwa kuambiwa uchemshe chai! Nani kakudanganya kuwa weye mkubwa?

Makka nimekuombea dua. Wakili wako wa Vuga nimempigia simu, Jumatatu anakungoja. Usiniaibishe kote kuwili.

Bibi yako, akupendaye hivyo hivyo