Mama Bado Amesimama Mlangoni

Baba, mwaka umekatika tangu moyo wako uliposimama ghafla ukiwa kazini, nasi bado tunageuka kila geti likilia.

Watu walikujua kama Fundi Lifti. Ukienda mji wowote kutengeneza lifti, kazi ikiisha unauliza kanisa kuu liko wapi, ukaone mlango wake. Likizo ulitupeleka na sisi, njaa inatuuma, miguu imevimba. Hakuna kuingia mpaka mlango uangaliwe wote: majani ya mzabibu yaliyochongwa kwenye mawe, malaika waliopangwa kwenye tao, simba wa chini aliyelika pua kwa kushikwashikwa.

"Mtu alikaa hapa na patasi akachonga hata kisogo cha malaika. Nani atakiona?"

"Si umeshakiona wewe?" Mama anakujibu. "Haya, jua linatuua!"

Ndipo unaturuhusu kuingia. Ulikuwa msumbufu, Baba, na tulikupenda hivyo hivyo.

Na roho yako ilikuwa nzuri. Kuna mama mmoja kipofu aliyeuza mishumaa kwenye ngazi za kanisa. Ulimshika mkono taratibu ukampapasisha simba wa mlango huo mpaka kwenye kucha. Alikuwa amekaa jirani naye miaka yote bila kujua yupo. Alicheka mpaka akalia.

Siku ya kukuzika tulikufikisha mlangoni pa kanisa kuu la hapa mjini, sisi wanao tumebeba jeneza, tukasimama. Hatukukusudia. Miguu iligoma yenyewe, shingo zikainuka, tukawa tunaangalia malaika na wewe uko mabegani. Watu ndani wakageuka. Padri akaja mbio: "Jamani, vipi tena?" Tukaona aibu, tukaingia. Mama hakuingia.

Hajaingia hadi leo. Kila Jumapili anavaa vizuri, anafika, anasimama palepale na mkoba wake. Tumembembeleza, tumegomba, tumemleta dada yako, tumemlilia.

"Baba yenu hajasema tuingie," anatujibu, kwa sauti ya kawaida kabisa, na hiyo sauti ndiyo inayotutia hofu. Amekonda, nguo zinampwaya. Mvua ya juzi ilimnyeshea hapo hapo, sasa anakohoa, na daktari ametuonya kuhusu kifua chake. Baba, tumekwisha. Wewe ulituponyoka, na yeye tunamwona anakwenda huku tumemshika mkono.

Misa ya kukuombea ni Jumapili hii asubuhi, kanisa kuu. Ndugu na marafiki, anzeni tu, msitusubiri. Sisi tutakuwa nje naye, na miavuli.

Unakumbukwa na mkeo. Wanao, kuanzia kifungua mimba ambaye ni fundi cherehani, hadi kitinda mimba. Dada yako mkunga. Wakwe zako, wajukuu na mafundi wenzako. Hututoki moyoni, Baba, wala hutatutoka.